Mstari Uliokatika Pembeni

4 Machi

Koleo mwanangu,

Marahaba kabla hujaamkia, maana najua utaanza na hilo. Sisi wazima. Shangazi yako ni mzima pia, anafagia hata pasipo na vumbi, na kila akifagia anahamisha kigoda cha karakana. Wiki hii nimekikwaa zaidi ya mara moja. Nimemwambia kigoda kina mahali pake, akanitazama kama vile mimi ndiye ninayehamahama.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ile simu uliyonipa herufi zake ni sisimizi, tena hawatulii. Na jambo lenyewe ni la fundi kwa fundi.

Skopu inaumwa. Ile mashine yangu ya kutazamia mawimbi ya umeme, ambayo ulipokuwa mdogo uliiita televisheni ya mstari mmoja. Mstari wa kijani ulikuwa ukitoka ukingo mmoja wa kioo hadi wa pili. Sasa umekatika pembeni, kushoto na kulia, na kipande kilichobaki katikati kimefifia. Nimeongeza mwanga mpaka kitufe kimegota. Nimebadilisha kila kilichobadilishika. Naona tyubu ya picha imechoka, na tyubu kama ile siku hizi huipati hata uitafute kwa tochi.

Juzi nilimpimia mteja amplifaya kwa skopu hiyo, nikamwambia ni nzima, akaibeba. Amerudi kuniambia inakwaruza vilevile. Tangu nianze ufundi hakuna aliyewahi kunirudishia kazi mkononi. Sijapenda.

Wewe huko unatengeneza mizani za umeme, unashinda na vioo vyake bapa. Hakuna namna ya kuitoa tyubu nikaweka kioo bapa mahali pake? Nijibu kama fundi, si kama mtoto.

Baba yako


11 Machi

Shikamoo Baba, hata kama umeshaitikia.

Kama fundi: inawezekana. Kuna nyaya zinazousukuma mstari kulia na kushoto, na nyingine zinazousukuma juu na chini. Tunaziteka kabla hazijafika kwenye tyubu, tunazipunguza nguvu kwa rezista, kisha bodi ndogo inazisoma na kuchora mstari uleule kwenye kioo bapa. Nimeshaanza kuitengeneza. Mwenzangu wa meza ya pili ananicheka, anasema ningekununulia skopu mpya yakaisha. Nimemwambia humjui baba yangu.

Kama mtoto: naogopa. Ile tyubu inakula volti elfu na kitu, na kapasita zake zinabaki na umeme hata ukishachomoa plagi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nakumbuka ulivyogusisha bisibisi, cheche ikalia kama kofi, nami nikakimbilia nyuma ya mlango. Ukaniambia umeme uliolala haujafa. Mpaka leo nikifungua mashine nzito nalisikia lile kofi.

Uzuri ni kwamba kioo bapa kinataka volti tano tu. Tukishakiweka, umeme mkubwa tunaufunga kabisa, nami nitapata usingizi. Lakini ili tufike huko lazima mtu aingize mkono mle ndani mara moja. Naomba mkono huo uwe wangu. Likizo yangu ni mwisho wa Mei. Nisubiri, tafadhali.

Swali moja: mstari unakatika sawasawa pande zote, au upande mmoja zaidi? Nichoree unavyouona.

Koleo wako


19 Machi

Koleo,

Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Kushoto unakatika zaidi. Kama mchoro umetoka nje ya karatasi nisamehe, meza hii ina mwanga mbaya.

Mei ni mbali. Ikifika Mei nitakuwa fundi wa kuwatazama wenzake. Yule wa amplifaya ana mdomo, na mdomo haulipi nauli, unafika kila mahali.

Nawe leo unanifundisha kuogopa umeme? Nimefungua tyubu kabla hujaota meno. Sheria ni ileile: mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni, ili umeme ukipata pa kuingilia usipate njia ya kupita moyoni. Suruali zangu zote zimetoboka mfuko wa kushoto kwa ajili hiyo. Muulize shangazi yako anayezishona.

Na sheria ya pili usiisahau. Kosa likikusumbua, badilisha kitu kimoja, acha vingine vyote, kisha angalia kosa limehamia wapi. Likiondoka na ulichokitoa, umelikamata. Likibaki palepale, ulimsingizia asiyehusika. Mimi nimebadilisha kila kitu ila tyubu. Lazima iwe tyubu.

Kifurushi mpe konda wa basi, ananijua.

Baba yako


27 Machi

Shikamoo Baba,

Umeshinda. Mwenzangu anasema ubishi wangu una chimbuko, sasa nimeamini.

Ndani ya kifurushi kuna kioo, bodi na nyaya nilizozifunga rangi tofauti. Nimekipima hapa karakanani. Mstari umetoka ukingo hadi ukingo na pembe zote nne zinawaka. Mwenzangu naye amekitazama akakubali. Kioo ni kizima.

Sasa nisikilize, na ikiwezekana Shangazi akusomee kwa sauti. Usizime tu mashine, chomoa plagi kabisa. Iache, nenda kale, upumzike, ndipo urudi. Bana klipu ya waya wa bisibisi kwenye chuma cha mashine, uivute uone kama imeshika, ndipo uguse kapasita umwage umeme wake upite kwenye waya hadi kwenye chuma; klipu ikichomoka, hakuna kinachomwagika. Ngoja, kisha gusa tena, maana zile za zamani zina tabia ya kujijaza zenyewe. Tyubu usiibebe kwa shingo, ikivunjika inarusha vioo. Fanya mchana, mlango ukiwa wazi. Shangazi awe chumbani na ufagio wake wa mpini wa mbao, na likitokea la kutokea akusukume kwa mpini, asikushike kwa mkono. Na mkono wako wa kushoto uwe mfukoni, hata kama mfuko umetoboka.

Ukimaliza niandikie siku hiyohiyo, hata neno moja. Sijawahi kutuma kifurushi nikatamani kisifike.

Koleo


9 Aprili

Baba,

Konda ameniambia kifurushi alikukabidhi mwenyewe, zamani. Sijapata neno.

Nimepiga simu. Amepokea Shangazi, akasema, "Hajambo, amepumzika," akakata. Baba, wewe tangu lini unapumzika mchana? Nimepiga tena haikupokelewa.

Jana mtu aliangusha sahani ya chuma hapa karakanani, nikapiga ukelele mpaka wote wakageuka. Wamenipeleka nje nikapunge upepo. Nimekaa kwenye ngazi nikiwaza kwamba nyaya zile nilizifunga kwa mikono yangu, na rangi niliziweka ili zikupendeze.

Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika. Kama umeumia, niandikie kwamba umeumia. Nitavumilia lolote ila hili la kutojua.

Koleo


12 Aprili

Koleo,

Acha kumaliza salio. Mambo yote yamekwenda salama. Tyubu imetoka, nimeiweka kwenye boksi nikaifunika blanketi kama marehemu. Kioo chako kinawaka. Mstari wake ni mkali kuliko ule wa zamani, na nilifurahi mpaka nikamwita shangazi yako aje kuona, ingawa yeye hajui tofauti ya wimbi na nyoka.

Ila umenitumia kibovu. Kimekatika pembeni. Palepale, na kushoto zaidi.

Kesho nitaifungua tena niangalie nyaya zako. Wakati huohuo nitumie kioo kingine.

Baba yako


13 Aprili

Mwanangu,

Ni mimi shangazi yako. Naandika nikiwa jikoni. Simu siitaki, maana kaka yangu masikio yake yanasikia hata sindano ikianguka. Masikio hayana tatizo.

Usiamini hiyo "salama" yake. Siku ile alifuata yote uliyoandika, nilimsomea mwenyewe. Alibana klipu, akaivuta, ikashika. Akamwaga umeme mara ya kwanza, ikalia cheche, nikaruka mimi. Akakaa kungoja kama ulivyosema. Sasa alipovuta kiti arudie mara ya pili, waya ulinasa kwenye kiti, klipu ikachomoka. Ikalala mezani upande wake wa kushoto, karibu kuliko kikombe chake. Niliiona kutoka mlangoni nikadhani ameiona. Nani angekosa kuiona?

Akagusisha bisibisi. Hapakuwa na cheche. Akasema, "Umeona? Umeisha," akaingiza mkono.

Nilisikia mlio, nikamwona yuko sakafuni. Kidole kimeungua, na alitetemeka hadi jioni. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mfukoni, hata pale chini. Daktari wa jirani alisema mkono huo ndio uliomwokoa. Alipopata nafuu akarudi, akaimalizia kazi. Ameniapisha nisikuambie, na mimi nimeapa huku nimekunja vidole, Mungu anisamehe.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Kigoda sikihamishi. Nimekiacha palepale tangu nilipohamia hapa mama yako alipotutoka, nimekizungushia alama ya chaki nipate ushahidi. Anakikwaa kikiwa ndani ya chaki yake. Chai nikiiweka pembeni anapapasa. Akitaka kukuona anageuza kichwa kama kuku anayetazama punje. Mwimo wa mlango ameugonga kwa bega, akautukana mwimo.

Baba yetu alianza hivihivi. Tulisema ni uzee, ni haraka, ni viatu. Mwisho akawa anashikwa mkono kwenda msalani, na aliyekuwa akimshika ni huyu kaka yangu. Kwa hiyo hili analijua, ila hataki lijulikane. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu nikafagie.

Anataka kuifungua mashine tena atafute kosa. Nimezificha bisibisi zake kwenye pipa la unga. Fanya haraka, mwanangu, atanunua nyingine.

Shangazi yako


18 Aprili

Baba,

Nakujibu kama fundi, kwa kuwa ndivyo ulivyotaka tangu mwanzo.

Tyubu ilikuwa na kosa: mstari umekatika pembeni, kushoto zaidi. Ukaitoa. Ukaweka kioo ambacho watu wawili tulikitazama kikiwaka pembe zote nne. Kosa likabaki palepale, kushoto zaidi. Sheria ya pili ni yako, sikuitunga mimi. Umebadilisha kila kitu na kosa halijahama. Kimebaki kitu kimoja ambacho hukukibadilisha, kwa sababu hakimo kwenye mashine.

Nimeiweka kalamu chini na kuiokota mara nyingi. Ni macho yako, Baba.

Usikasirike kwanza. Pima, kisha ukasirike. Washa skopu, kaa mbele yake, tazama katikati ya kioo bila kugeuza kichwa, uchore unachokiona. Shangazi naye akae kwenye kiti hichohicho, achore anachokiona. Wekeni karatasi pamoja. Mchoro wake ukifanana na wako, nitakuomba radhi mbele ya mteja wa amplifaya na nitakutumia vioo vitatu.

Isipofanana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi nikisafiri nitatumia siku mbili barabarani, na wewe daktari wa macho yuko mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Usiningoje. Sijui ni nini kinachoyala macho yako, wala sijui kinakula kwa kasi gani, na hilo ndilo linalonitia baridi.

Na mashine usiifungue tena. Hakuna kosa ndani yake. Nalirudia kwa sababu naogopa: hakuna kosa ndani yake.

Koleo wako


2 Mei

Koleo,

Mwandiko ni wa shangazi yako, maneno ni yangu, na nimemkataza kuongeza lake. Chumvi anayoongeza kwenye mboga inatosha.

Tulichora. Yeye alichora mstari mzima, mimi kipande. Nilikaa na zile karatasi mkononi, nikamwambia amekosea. Akaniuliza, "Kati yangu na wewe, nani amegonga mwimo?" Nikavaa viatu.

Daktari ni msichana wa rika lako. Amesema ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, haiumi, haipigi hodi, na mtu anajiona mzima kwa sababu katikati bado anaona. Bandu bandu huisha gogo. Jicho la kushoto limeliwa zaidi, kama ulivyoona kwenye mchoro wangu. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote. Akaniambia ningengoja miezi michache zaidi angekuwa anazungumza na mtu aliyeshikwa mkono.

Nilikuwa najua, mwanangu. Mdomo haukujua, ila tumbo lilijua. Nilikuwa namwomba Mungu iwe tyubu. Nilipowasha kioo chako nikaona nacho kimekatika, niliogopa kuliko siku niliporushwa sakafuni. Ndiyo, nilirushwa, na mpasha habari wako anaandika sentensi hii akiwa ameinamisha kichwa. Niliogopa kwa sababu nilikuona wewe ukinishika mkono kwenda msalani, kama nilivyomshika babu yako. Alikuwa akiniomba radhi kila hatua. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia.

Sasa lililo kubwa. Daktari aliniuliza kama baba yangu alikuwa na hali hii. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye. Akasema inapita kwenye damu.

Tangu hapo sina amani. Nimekurithisha pua, nimekurithisha ubishi, na sasa naogopa nimekurithisha na hili. Nenda kapime. Usiniambie huoni shida yoyote. Mimi pia sikuona.

Mambo ya kioo usiniandikie tena. Niandikie hilo tu.

Baba yako
(Sahihi nimeiweka mwenyewe. Ikipanda mlima, ndiyo hivyo.)


17 Mei

Shikamoo Baba,

Nilichelewa. Barua yako niliipata mapema nikaikunja, nikajiambia wiki hii kazi ni nyingi. Kila asubuhi nilitazama kioo cha mizani mezani, nikahesabu pembe zake, nikazikuta nne, nikasema mimi mzima. Kisha nikamkumbuka mtu mmoja aliyeniandikia "lazima iwe tyubu." Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Wanakuketisha mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Unaweka kidevu, unafunikwa jicho moja, unatazama nukta ya katikati. Vitaa vidogo vinawaka pembeni, kimoja kimoja, na ukikiona unabonyeza kitufe. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kitufe. Wa pili niliukuta mfukoni. Nesi akaniuliza kama naona baridi. Nikamwambia hapana, nyumbani ndivyo tulivyofundishwa kukaa mbele ya kitu cha kutisha.

Jicho la kulia lilikwenda vizuri. La kushoto pakawa na kimya. Nilikaa sijabonyeza, nikawa nasikia saa ya ukutani. Sikujua kama taa haijawaka, au imewaka na mimi ndiye sikuiona. Baba, sijawahi kuogopa hivyo, hata nyuma ya ule mlango.

La kulia ni zima. La kushoto presha imepanda na ukingo umeanza kuliwa, kidogo sana. Bado ni mapema, daktari amesema, na ikilindwa nitazeeka nikiona. Nimeanza matone. Shangazi anaandika kwamba wewe unayaweka baada ya chai ya asubuhi huku ukigombana na chupa. Mimi nayaweka wakati huohuo, kwa hiyo ukiinua uso utazame dari, ujue nami nimeinua wangu.

Nakuja mwisho wa mwezi kama nilivyoahidi. Bisibisi zitolewe kwenye unga. Kigoda kibaki kwenye chaki.

Nilipokuwa natoka, daktari aliishika karatasi ya majibu akaitazama tena. Akasema watu wa umri wangu hawaji, wanakuja wakiwa wameshapoteza nusu, na mimi sikuwa na dalili hata moja ya kunileta. Akaniuliza nani alinituma.

Nikamwambia ni mteja wangu, alilalamika kwamba nimemtumia kioo kibovu.

Koleo wako